Ndoo Sita Kutwa

Nyuma ya nyumba yetu, Kiseke, Mwanza, palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na chini ubavuni mwake palikuwa na ufa uliotoa maji. Hayakuwa maji ya kububujika. Yalitoka membamba kama uzi, na kiangazi kilipokolea uzi ule ulikatikakatika ukawa matone yanayofuatana. Mama alichomeka kipande cha jani la mgomba kwenye ufa, maji yakafuata jani hadi kwenye ndoo, na jani liliponyauka alichomeka jingine. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na ganzi tangu alipomzaa mdogo wetu wa mwisho. Ziwa tuliliona vizuri tukisimama mlangoni, lakini kwa mtu wa mguu ule, kuyaona maji ya ziwa na kuyapandisha mlimani kichwani ni mambo mawili tofauti.

Majirani wa nyumba chache walichota hapohapo. Mchana kila mwenye haja alikuja na chombo chake. Usiku ulikuwa wa zamu: jioni mwenye zamu aliacha ndoo yake chini ya jani, na alfajiri aliikuta imejaa hadi imefurika, maji ya ziada yakiwa yameteremka kwenye tuta la mchicha la mama. Hakuna aliyewahi kujua ni kiasi gani kilifurika. Haikuwa na umuhimu wowote mpaka lilipoingia suala la kokoto.

Baba alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo, idara ya rangi. Kazi yake ilikuwa kuilisha rangi kwenye maji kidogo kidogo. Ikiingia nyingi kwa mpigo, kitambaa kinatoka na mabaka; ikichelewa, kinatoka kimepauka. Miaka ambayo pampu za kazi hiyo zilikufa na vipuri havikupatikana, alitengeneza makopo yake mwenyewe ya kudondosha rangi, akayatoboa kwa sindano, na kitambaa kikaendelea kutoka. Kisha kiwanda kikatangazwa kuwa kitauzwa, watu wakapunguzwa, naye akawa katika kundi la kwanza. Alirudi nyumbani na overoli yake, akaifua, akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Sengerema. Ijumaa nikipata nafasi nilivuka kwa kivuko, Jumapili jioni nikarudi. Kwa hiyo mengine ya habari hii niliyaona mwenyewe, na mengine niliyapata kwa kuwauliza waliokuwepo.

Mji ulikuwa unajengwa. Kila aliyekuwa na duka sasa alitaka na nyumba, na kila nyumba ilitaka kokoto. Kata ikaanza kutoa vibali vya kupasua mawe. Kibali cha upande wetu wa mlima kilichukuliwa na mtu aliyewahi kufanya kazi kiwanda kimoja na baba, idara ya kufuma, naye amepunguzwa vilevile. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita baba “Fundi”, na alipopita alisimama kusalimia.

“Shikamoo Fundi.”

“Marahaba. Umekuja kulitazama jiwe langu?”

“Nalitazama tu, Fundi. Kutazama hakuna kibali.”

Katika mkutano wa mtaa, mtendaji wa kata alieleza utaratibu. Jiwe lenye maji linaweza kuachwa, lakini si kila jiwe linalolowa ni chanzo cha maji. Litakaloachwa ni lile linalotoa angalau pipa moja kwa siku, yaani ndoo kumi, na lipimwe wakati wa kiangazi, kwa sababu masika hata ukuta wa nyumba hutoa maji. Baba alisimama akasema hilo la kupima aachiwe yeye. Watu wakacheka kidogo. Mtendaji akasema vizuri mzee, pima, utuletee jibu kabla ya mvua.

Asubuhi iliyofuata alitoa overoli chini ya godoro.

Nilipovuka wiki hiyo nilimkuta amekaa juu ya kigoda mbele ya ufa, saa mkononi, kama mtu anayesubiri mgonjwa azinduke. Nilidhani kazi ni ndogo. Weka ndoo, tazama saa, basi. Aliniangalia kwa huruma.

“Maji mengi kila mtu anayapima,” alisema. “Haya ya kidogo ndiyo yanayodanganya.”

Nilikaa naye mchana ule nikaona alichomaanisha. Ndoo haikupata kujaa bila mtu kuja na kata ya kuchotea kuomba kidogo tu. Jua lilikunywa lake. Pimbi waliokaa kwenye mianya ya juu waliteremka tulipogeuka kula, wakanywa lao. Na jani la mgomba lilipochoka, nusu ya maji ilipita nyuma yake ikateremka na jiwe bila kuonekana. Ukipima mto, makosa kama hayo hayaonekani. Ukipima uzi, makosa yanakuwa makubwa kuliko uzi wenyewe.

Akaondoa jani, akapachika kipande cha mpira wa baiskeli ndani ya ufa na kukiziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, maji yote yapite njia moja. Kisha akanunua mpira wa dripu kwenye duka la dawa, ule wenye kichupa kidogo ambamo matone huonekana yakidondoka, akauunganisha, akaanza kuhesabu matone huku mama ameshika saa.

“Baba watoto,” mama alisema, “maji nayo yanahesabiwa kama kura?”

“Kura zinaibiwa. Haya hayaibiwi. Usinipotezee hesabu.”

“Ulikuwa umefika ngapi?”

“Sasa sijui!”

Dripu nayo haikufaa. Tone la asubuhi halikulingana na tone la mchana, na mara nyingine matone yaliungana yakawa uzi, na uzi hauhesabiki. Majirani walianza kuja kutazama kama wanavyokuja kutazama kisima kinapochimbwa. Mama mmoja wa Kihaya, mke wa mwalimu, ambaye ukuta wake ulipakana na wetu, aliegemea pale na ndoo yake akasema, “Mzee kiwanda kimemwacha, sasa ameajiriwa na jiwe.”

“Afadhali jiwe,” mama alimjibu. “Halipunguzi watu.”

“Sisi kwetu Bukoba maji yanapita tu, hakuna anayeyauliza idadi.”

“Ndiyo maana mkayakimbia mkaja kuyapanga foleni huku, nshomile wee, msomi wetu.”

Walicheka wote, hata baba. Nayaandika haya kwa sababu zilikuwa siku njema. Tangu atoke kiwandani sikuwa nimemwona baba akichekwa na kufurahi.

Jibu lilikuja kwa umbo la bembea. Alikata kopo la maziwa ya unga, akakunja bati lake kuwa vikombe viwili vidogo vilivyopeana mgongo, akavipitishia spoki ya baiskeli katikati kama mhimili. Maji yalidondoka kwenye kikombe cha kwanza. Kikijaa, uzito wake unakiangusha, kinamwaga, na kikombe cha pili kinainuka kupokea. Kikijaa hicho nacho kinaanguka. Hapo tone kubwa na tone dogo si hoja tena, wala uzi. Kinachohesabiwa ni kuanguka kwa kikombe.

Ilimbidi ajue kila kikombe kinaanguka na kiasi gani. Kwa hilo alitumia bomba la sindano, akimimina maji taratibu kikombeni hadi kianguke, akirudia na kurudia, akikaza skrubu upande huu na kulegeza upande ule mpaka vikombe vyote viwili vikubaliane. Havikukubaliana. Kikombe kilichomwaga kilibaki na tone moja limeng'ang'ania chini, siku nyingine kubwa, siku nyingine dogo. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, alisema bila kuinua kichwa kwamba bati limekauka mno. Sufuria ikipakwa mafuta haishiki kitu. Baba alisugua vikombe kwa mshumaa. Tone likateleza lote. Alimgeukia mama, akasema, “Wewe ungekuwa idara ya rangi tusingeuzwa.”

Mwanzoni alihesabu kwa masikio, ta, kisha kimya, kisha ta. Lakini hakuna binadamu awezaye kusikiliza hivyo toka asubuhi bila kusinzia. Ndipo akaenda Makoroboi, kwenye maduka ya mjini. Miaka ile barabara za Mwanza zilikuwa zimejaa vitu vidogo vya kutoka nje ambavyo zamani ungevisikia tu: saa za plastiki, redio za mfukoni, wembe wa kila aina, na kalkuleta nyembamba zisizo na betri, zinazofanya kazi kwa mwanga. Alinunua moja. Aliifungua, akaunganisha kwa risasi ya kuyeyusha nyaya mbili chini ya kitufe cha sawasawa, akazivuta hadi kwenye vipande viwili vya shaba alivyotoa kwenye tochi iliyokufa. Bembea ikianguka, shaba ziligusana. Ukishabonyeza moja, jumlisha, sawasawa, basi kila shaba zilipogusana kalkuleta iliongeza moja nyingine, yenyewe, bila mtu.

Mama aliiita kalukuleta. Alikaa kuitazama kama wengine wanavyotazama televisheni.

Tatizo lilikuwa kivuli. Kalkuleta ile haikuwa na kumbukumbu nje ya mwanga. Ukiifunika, namba inafutika. Jumamosi moja yule jirani yetu aliinama kuitazama kwa karibu, kitenge chake kikaziba jua, na namba zikapotea zote.

“Mama! Umenifutia asubuhi yangu!”

“Nimeifuta vipi na sijaigusa?”

“Umeikalia jua!”

Toka siku hiyo ikawa sheria pale jiweni: hakuna kusimama upande wa jua. Baba alianza kuhesabu jua lilipochomoza vizuri, na jioni alisoma namba kabla giza halijaimeza. Kisha alichomoa chombo chake chote, akakifunga kwenye kitambaa, akakiingiza ndani, na mwenye zamu ya usiku akaweka ndoo yake kama kawaida. Chini ya bembea mchana aliweka ndoo, na zilipojaa alilinganisha idadi ya ndoo na hesabu ya kalkuleta. Siku hesabu hizo zilipokubaliana kwa mara ya kwanza alipiga kofi moja tu, peke yake, akaenda kunawa mikono.

Jioni tukikaa kula, mama alisema, “Tunyamaze, taarifa ya habari.” Naye baba, akiwa bado amevaa overoli, alitangaza: leo ndoo sita na kidogo. Leo sita kasoro kidogo. Kiangazi kilizidi kukauka, majani ya mlimani yakawa rangi ya majivu, na jiwe halikutetereka. Sita. Wiki baada ya wiki, sita.

Nilimuuliza mara moja, nikikumbuka sharti la ndoo kumi, “Na usiku, baba?”

“Usiku linatoa vilevile. Jiwe halilali.”

“Sasa si useme kumi na mbili?”

“Usiku sijapima.” Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu jambo ambalo kwake halina mjadala. “Pale kiwandani ukimpelekea mkubwa namba ambayo hukuipima, kitambaa kitakuumbua. Mimi nitawaambia ya kutwa. Usiku na mchana wao wanaujua, watajumlisha wenyewe.”

Nilikubaliana naye. Sikuona kasoro ndani yake, na hata leo nikiyasoma maneno yake hayo sioni kasoro.

Mkutano uliitishwa katikati ya wiki, nikiwa Sengerema darasani. Ijumaa nilipovuka na kufika Kiseke niliona moshi mweusi kabla sijaiona nyumba. Mawe ya kwetu hayapasuliwi kwa nyundo tu. Huchomwa kwanza kwa matairi na magogo, yakipata moto hupasuka ndani kwa ndani, ndipo nyundo huingia. Moshi ulikuwa unatoka juu ya jiwe letu. Wanawake watatu walikuwa wameshaketi chini yake kwenye kivuli cha gunia, wakigonga vipande kuwa kokoto.

Baba alikuwa ndani, amevaa shati la kanisani siku ya kazi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umevuka salama?”

“Salama. Baba, mbona wanachoma?”

“Wamesema haitoshi.”

“Ndoo sita kutwa haitoshi?”

“Wamesema haitoshi,” alirudia. “Walikuwa wameshaamua. Walinipa kazi ya kuninyamazisha tu.”

Mama alinikonyeza nitoke. Nje aliniambia kwamba tangu mkutano ule baba hakula mezani, na kwamba alikuwa ameiweka ile bembea juu ya kabati, nyuma ya masanduku. “Anasema wamemwona mwongo,” mama alisema. “Mimi sikuwepo, mguu haukunipeleka. Muulize jirani.”

Nilimkuta jirani akianua nguo. Aliniambia mkutano ulivyokwenda, na nilimwomba anirudie mara mbili ili nipate maneno yenyewe.

Mtendaji aliuliza, “Mzee, umepima?” Baba akasimama, amevaa overoli, akasema, “Nimepima.” Mtendaji akauliza, “Ngapi?” Baba akasema, “Ndoo sita kutwa.” Mtendaji akauliza tena, “Sita, mzee? Una hakika?” Baba akasema, “Sita kutwa, hata leo. Nasema nilichokipima tu.” Mtendaji akasema, “Tunakushukuru kwa kusema ukweli. Tulitaka kumi.” Baba akaketi.

“Na wewe ulielewaje?” nilimuuliza jirani.

“Nilielewa sita. Kwani ilikuwa ngapi?” Aliishika nguo kifuani. “Nilimwonea huruma sana. Nikasema moyoni, huyu mzee kwa nini asiongeze kidogo tu? Nani angekwenda kuhesabu?”

Jumapili nilimtafuta mtendaji nje ya kanisa baada ya misa. Alikuwa mtu wa kutoka Kagera, wa adabu, aliyependa kusikiliza kabla ya kujibu. Nilimsalimu, nikamweleza mimi ni mtoto wa nani.

“Mzee wako ni mtu mkweli,” alisema. “Niliwaambia watu siku ile, mfano wa kuigwa. Angeweza kunidanganya.”

“Alisema sita kutwa, mheshimiwa.”

“Ndiyo. Sita kwa siku.”

“Kutwa. Mchana. Usiku hakupima, kalkuleta yake haifanyi kazi gizani. Kwa siku ni kumi na mbili.”

Aliyaangalia mawe ya ukuta wa kanisa. Kisha akasema, bila ubishi, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, “Lakini dada, ukiandikiwa dawa, moja kutwa mara tatu, ile ya usiku huimezi?”

Nilikuwa nimeisoma bahasha ya dawa namna hiyo maisha yangu yote, na maisha yangu yote nilikuwa nimemsikia baba akisema fulani ameshinda kutwa shambani na kukesha kucha msibani. Baba alikua akichunga ng'ombe. Kwake kutwa ilianza ng'ombe wakitoka zizini na kuisha wakirudi. Mtendaji alilipata neno lile hospitali, na majirani wengi hivyohivyo. Wote walikuwa wanasema Kiswahili kimoja, sahihi, katika chumba kimoja cha shule, na kila mmoja aliamini amesikika.

“Nitakwenda kumwona,” mtendaji alisema. “Wameshachoma?”

“Tangu Alhamisi.”

Akavua kofia yake, akaivaa tena.

Nilimweleza baba nilichokipata, kwa mpangilio, kuanzia kwa jirani hadi kanisani, kwa sababu alikuwa mtu wa kuheshimu mpangilio. Mama alikuwa ameketi kizingitini. Baba alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

“Kwa hiyo alisema haitoshi kwa sababu ya sita?”

“Ndiyo, baba.”

“Si kwa sababu hakuniamini?”

“Alikuamini. Alikuamini neno kwa neno.”

Nilikuwa nimedhani hilo litampa nafuu. Usoni mwake niliona ni kinyume. Siku zile chache alikuwa amebeba hasira juu ya watu wengine, na hasira ile ilimsimamisha wima. Sasa nilikuwa nimeichukua, na sikuwa na kitu cha kumwekea mahali pake.

“Si uende sasa hivi ukawaambie ni kumi na mbili?” mama alisema.

“Mama watoto, jiwe limeshapata moto.”

Mchana ule yule mwenye kibali alikuja. Habari ilikuwa imemfikia. Jumapili hawakuchoma wala kugonga, kulikuwa kimya, na alisimama uani akizungusha funguo kidoleni.

“Fundi, mimi kibali changu ni cha upande mzima. Haikuwa lazima lile. Ungeniambia, ningeanza na la juu.”

“Najua.”

“Wale wamama wana watoto, Fundi. Nami pia nina watoto.”

“Najua, bwana mdogo. Huna kosa. Hapa hakuna mwenye kosa, ndilo tatizo lake.” Akamkaribisha chai. Yule bwana hakunywa.

Mtendaji alisimamisha kazi, nami nimtendee haki niseme hivyo. Alikuja mwenyewe Jumatatu, akaagiza jiwe liachwe. Wanawake walihamisha magunia yao juu ya mlima. Jiwe likabaki limesimama na weusi wa moshi kichwani, nasi tukasubiri kuona moto umefanya nini ndani yake.

Nilirudi kwetu baada ya wiki mbili. Maji hayakuwa yamekauka. Ningependa kusema yalikauka, kwa kuwa watu wangeelewa haraka zaidi. Yaliendelea kutoka, na huenda ni kiasi kilekile. Lakini ule ufa mmoja haukuwepo tena. Jiwe lilikuwa limepasuka ndani kwa nyufa nyembamba zisizohesabika, na maji yalitokea kwenye zote, hapa unyevu, pale unyevu, ubavu mzima uking'aa kama mtu aliyetoka jasho. Hakukuwa na mahali pa kuchomeka jani. Ukiweka kiganja kinalowa. Ukiweka ndoo inabaki kavu.

Baba alijaribu. Alibandika udongo wa mfinyanzi kwa mstari wa mshazari ili ukusanye unyevu, akapigilia vipande vya bati kama mfereji wa paa. Kwa siku kadhaa yalikusanyika kidogo, kikombe hivi, kisha yakapata njia nyingine nyuma ya udongo. Hakuishusha bembea juu ya kabati. Mimi ndiye niliyemwambia, pengine tupime hata hicho kikombe. Akasema, “Nipime nini? Hayapo mahali.”

Mchicha wa mama ulistawi kuliko wakati wowote, maana maji yote sasa yalipita ardhini. Alikuwa akiuchuma na kuugawa kwa majirani.

Mvua zilikuja, zikaisha, kiangazi kingine kikaingia, na majirani wakaanza kuteremka ziwani au kununua kwa wenye mikokoteni. Mama alijaribu kuteremka mara moja na mguu wake. Alirudi jioni, ndoo haina hata nusu, kitenge kimelowa mpaka magotini. Kesho yake baba alitoa baiskeli, akafunga madumu mawili nyuma kwa mpira, akaenda mwenyewe. Wanaume wa umri wake hawakuonekana wakifanya hivyo. Alikwenda kila asubuhi, akapanda akisukuma, akisimama kwenye kona ya mlima kupumua.

Jumamosi moja nilimpokea pale konani nikamsaidia kusukuma. Dumu moja lilikuwa na ufa mdogo chini ya mpini, na njia yote iliyotoka ziwani ilikuwa na mstari wa madoa ya maji vumbini nyuma yetu. Tulipofika uani mama alitoka, akayaona madoa, akamtazama baba. Nilimwona akitafuta sauti yake ya zamani.

“Haya tunyamaze,” mama alisema. “Baba watoto, linavuja kiasi gani?”

Baba alifungua mpira, akashusha dumu, akaliegemeza ukutani.

“Linavuja,” alisema, akaingia ndani.